Kibebeo cha shada na mmea wa chungu: tengeneza chako kwa boksi, hatua kwa hatua

Msimu wa mahafali na harusi ukikaribia, maswali huwa ni yaleyale. Shada limenunuliwa mjini asubuhi likiwa zuri, limefika Kibaha maua yameinama shingo, kwa nini? Mmea umetoka kitaluni Arusha, umefika Moshi nusu ya udongo iko kwenye sakafu ya basi, nifanyeje? Nifunike kwa nailoni? Nimwagilie kabla ya safari au nikifika? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, na jibu lenyewe ni kukuonyesha namna ya kujitengenezea kibebeo kwa boksi la dukani, gundi na kamba.

Kabla hujashika kisu, shika jambo hili moja, maana vipimo vyote vinavyofuata vimetoka hapo: maua na mimea huharibika njiani kwa sababu chini hapajashikwa. Watu wengi hufanya kinyume. Huzungushia makaratasi na riboni huku juu, wakabana majani na maua mpaka yakakosa pumzi, halafu chungu kinabaki kikicheza ndani ya mfuko. Gari likipiga breki, chungu kinainama kidogo tu, lakini ncha ya mmea inakwenda mbali na kurudi, na kila ikienda na kurudi inagonga kitu. Kibebeo kizuri hushika chini kwa nguvu na kuacha juu huru, ndani ya ukuta usiogusa jani.

Kwa hiyo tutatengeneza vipande vitatu. Kuna sinia, ambalo ndilo kitako. Kuna kola, kibao chenye tundu kinachokumbatia chungu kwa pembeni. Na kuna ukuta, unaofunguka upande mmoja kama mlango. Kamba inapita chini ya vyote na kuvibeba.

## Vitu vya kuandaa

- Boksi gumu, kubwa, kavu. La televisheni au friji ndogo linatosha kabisa. Waulize wauza vyombo vya umeme, mara nyingi wanayatupa.
- Kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, na rula ya chuma.
- Penseli, futi kamba, na uzi wa kama mita moja.
- Gundi nyeupe ya mbao.
- Vibanio vya nguo, kumi hivi.
- Kamba ya katani mita 4. Ya manila inafaa pia, ila inateleza kwenye fundo.
- Mshumaa.
- Magazeti ya zamani, na kipande cha kanga kuukuu au chandarua kisichotumika.
- Kisahani cha plastiki au mfuniko wa ndoo ndogo wa kuweka chini ya chungu.

Kwa ajili ya shada ongeza chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu na kitambaa cha pamba.

Mfuko wa nailoni haumo kwenye orodha, na haukusahaulika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini hata kabla ya hapo haukuwa rafiki wa maua. Nailoni hufungia joto na mvuke ndani. Matone yanakaa kwenye petali, na petali lililolowa kwenye joto huota ukungu au huwa na madoa ya kahawia siku ya pili yake.

## Kazi yenyewe

Nitatumia chungu kimoja kama mfano ili namba zieleweke: chungu cha plastiki chenye mdomo wa sentimita 15, kitako cha sentimita 11, kimo cha sentimita 14, na mmea uliopanda sentimita 30 juu ya mdomo. Ni kipimo cha kawaida sana vitaluni. Chako kikiwa tofauti, fuata maelezo, usifuate namba zangu.

1. Pima, kwa uzi. Simamisha chungu mezani. Pima sentimita 9 kutoka chini, uweke alama, kisha zungusha uzi hapo mpaka ncha zikutane. Nyoosha uzi kwenye rula. Chungu cha mfano kitakupa sentimita 43. Gawanya kwa 3.14, upate 13.7. Huo ndio upana wa chungu mahali kola itakapokishika.

Kwa nini sentimita 9? Kwa sababu ni kama theluthi mbili za kimo cha chungu. Ukikishika chini zaidi, kinapinduka. Ukikishika kwenye mdomo, kitako kinabaki kikibembea. Na kwa nini uzi? Kwa sababu chungu ni chembamba chini na kipana juu. Ukiweka rula juu ya mdomo ukasoma 15, utakata tundu la 15, na chungu kitacheza zaidi ya sentimita moja ndani yake. Hili ndilo kosa linaloongoza kuliko yote.

Pima pia mmea ulivyo mpana, mahali majani yanapotanuka zaidi. Kwa mfano huu majani yakikusanywa taratibu yanaingia ndani ya sentimita 18.

2. Kagua boksi. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu mbalimbali. Likiwa laini mahali, au lina alama ya maji, au doa la mafuta, ruka sehemu hiyo. Gundi haishiki kwenye mafuta, na kadibodi iliyowahi kulowa imeshapoteza nguvu hata ikikauka. Kisha tazama ukingo uliokatwa. Utaona mawimbi katikati ya karatasi mbili, yanayotengeneza vimfereji. Kwenye ukuta, vimfereji hivyo visimame wima, kutoka chini kwenda juu, maana ndivyo vinavyobeba uzito kama nguzo. Vikilala, ukuta utajikunja ukibanwa kidogo tu garini.

3. Kata miraba miwili ya sentimita 37.5 kwa 37.5. Mmoja utakuwa sinia, mwingine kola. Weka boksi juu ya ubao wa zamani au boksi jingine, usikatie juu ya vigae au meza ya watu. Bana rula ya chuma, pitisha kisu mara mbili au tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Kisu kikibanwa sana hufuata vimfereji na kuacha ukingo uliochanika, na kikiponyoka hukimbilia vidole vilivyoshika rula. Weka vidole mbali na upande wa wembe.

4. Tengeneza sinia. Kwenye mraba wa kwanza, chora mstari sentimita 8 kutoka kila upande. Katikati utabaki mraba wa 21.5. Pitisha mgongo wa kijiko au kalamu iliyoisha wino kwenye mistari yote minne, ukibonyeza vya kutosha kuacha mfereji bila kuchana karatasi. Hapo ndipo pa kukunjia. Ukikunja bila kubonyeza kwanza, kadibodi itajikunja inapotaka yenyewe na pembe zitakataa kukutana.

Sasa pembe. Kila pembe ina mraba mdogo wa 8 kwa 8. Kata upande mmoja tu wa mraba huo, si miwili. Ukikunja kuta za sinia juu, huo mraba utageuka kuwa sikio la kupaka gundi. Ligandishe kwa nje ya ukuta wa jirani, libane kwa vibanio viwili, na uliache nusu saa au zaidi. Wengi huyakata masikio yote wakatupa, kisha wanaziba pembe kwa selotepu. Siku ya kwanza hushika. Siku yenye unyevunyevu selotepu inaachia, na inaachia ukiwa umeshabeba.

5. Kinga kitako. Gundi ikikauka, chukua mshumaa usiowashwa usugue ndani ya sinia, kitako kizima na sentimita mbili za kuta, mpaka uone panang'aa. Nta huzuia tone lisipenye kwenye kadibodi. Haifanyi sinia kuwa beseni; inakupa muda tu. Kazi ya kuzuia maji hasa ni ya kile kisahani.

6. Tengeneza kola. Mraba wa pili unafuata njia ileile ya sinia, ila mistari inachorwa sentimita 9 kutoka pembeni, na katikati unabaki mraba wa 19.5. Kunja, gandisha masikio, safari hii kwa ndani ili yasikwaruze ukuta. Ukimaliza, geuza kifudifudi. Umepata kimeza chenye kimo cha sentimita 9.

Chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe juu ya hicho kimeza. Inapokutana ndipo katikati. Funga penseli kwenye uzi na uchore duara lenye nusu kipenyo cha 6.8, kisha la pili ndani yake lenye nusu kipenyo cha 5. Lile duara dogo likate ulitoe kabisa. Halafu kutoka kwenye ukingo wa tundu, kata vijistari kumi na viwili kwenda nje, ukisimama kwenye duara kubwa. Vimebaki vijilimi kumi na viwili. Vibonyeze vyote vielekee chini.

Hivi vijilimi ndivyo roho ya kibebeo. Chungu kikishuka, kila kijilimi kinainama na kubana upande wake. Chungu kikiwa na kasoro ya umbo, au umekosea milimita tatu, vijilimi vinafidia. Tundu la duara tupu halina msamaha huo.

7. Kata ukuta. Vipande viwili, kila kimoja sentimita 44 kwa upana na 50 kwa kimo. Hiyo 50 imetoka hapa: chungu 14, mmea 30, na nafasi ya 5 juu, nikaongeza moja. Kwenye kila kipande chora mstari wa kukunja kwenye sentimita 20 na kwenye 40. Utabaki na sikio la sentimita 4.

Gandisha sikio la kipande cha kwanza kwenye ukingo wa kipande cha pili. Sikio la kipande cha pili usiligandishe. Huo ndio mlango. Lipunguze kwa kukata sentimita 8 za chini ili lisisumbue ndani ya sinia. Kisha toboa jozi nne za matundu madogo, tundu moja kwenye sikio na jingine kwenye ukuta linapolalia, za kupitisha uzi wa kufungia.

Utauliza kwa nini usigandishe pande zote ukashusha mmea kwa juu. Jaribu mara moja uone. Ukishusha ukuta juu ya mmea, ukingo wake unakwenda chini huku majani yameelekea juu, na yanavunjika kwenye vikonyo. Mlango unakuruhusu kuuzungushia mmea ukuta kwa ubavuni, hakuna jani linaloguswa.

8. Toboa matundu ya hewa. Matundu sita hadi manane yenye upana wa kidole gumba, kwenye theluthi ya juu, kwa pande mbili zinazotazamana. Yakae mbali na mikunjo. Pande nyingine mbili ziache nzima. Mojawapo ndiyo utakayoielekeza kwenye upepo.

9. Kamba. Kata vipande viwili vya mita 2. Vipitishe chini ya sinia kwa msalaba, vikwee katikati ya kila upande, viingie kwenye tundu dogo sentimita 4 chini ya ukingo wa juu wa ukuta, kisha vifungwe pamoja juu ya mmea. Ncha zinatosha kufunga fundo kama sentimita 25 juu ya ukingo, kwa hiyo halitagusa majani. Mahali kamba inapokunja kona ya sinia, weka kipande kidogo cha kadibodi kilichokunjwa mara mbili, la sivyo itakata.

Usikibebe kibebeo hiki kwa kushika ukuta. Ukuta umekaa ndani ya sinia, haujagandishwa. Ukiuinua, utabaki na ukuta mkononi, na chungu kitabaki chini.

10. Jaribu kabla ya kuweka mmea. Weka ndani chupa mbili za lita moja na nusu zilizojaa maji. Hizo ni kilo 3. Chungu cha mfano kina udongo wa lita mbili hivi pungufu kidogo, na lita moja ya udongo wa bustani uliolowa ni zaidi ya kilo moja, kwa hiyo jaribio limezidi uzito halisi, ndivyo inavyotakiwa. Inua kwa kamba, tembea nacho, kibembeze, kiinamishe upande mmoja kisha mwingine. Kitako kikishuka katikati, gandisha kipande kingine cha 21 kwa 21 ndani ya sinia, vimfereji vyake vikikatisha vile vya kwanza.

11. Andaa mmea. Mwagilia jioni ya kuamkia safari, si asubuhi ya safari. Mpaka asubuhi maji ya ziada yametoka, udongo una unyevu lakini haudondoki. Kata duara la gazeti tabaka nne, lichane kutoka pembeni mpaka katikati, lizungushe kwenye shina lifunike udongo, na ulichomeke pembeni mwa chungu. Hapo hata kibebeo kikilala, udongo hautamwagika wote.

Kisha kunja gazeti kubwa liwe koni iliyo wazi pande zote mbili. Lianzie chini ya chungu, ulivute kwenda juu taratibu. Majani yatajikusanya yakielekea juu, kama yalivyoota. Wauzaji wa vitaluni hufanya hivi kwa sekunde chache. Mwangalie mmoja akifanya, utaelewa kuliko maelezo yangu.

12. Pakia. Weka kisahani katikati ya sinia, kisha kola juu yake. Ingiza chungu kwenye kola mpaka kitako kiguse kisahani. Zungushia ukuta ukiwa umefunguka, sukuma ukingo wake wa chini uingie kati ya kola na sinia, funga mlango kwa uzi, kisha funga kamba. Tikisa. Usisikie kitu kikigonga.

Chungu cha udongo wa kufinyanga ni habari nyingine. Ni kizito na ukingo wake humeguka. Tumia kadibodi ya tabaka mbili kwenye sinia na kola, na uvike chungu soksi kuukuu kabla ya kukiingiza. Kikizidi upana wa sentimita 20, achana na boksi, tumia ndoo ya lita 20 na magazeti yaliyofinyangwa pembeni. Na miche iliyo kwenye viriba haihitaji kola: ipange ikiwa imebanana kwenye sinia refu zaidi, inashikana yenyewe.

## Kibebeo cha shada

Mwili ni uleule, ila shada lina mambo mawili ambayo chungu hakina. Ni jembamba chini na pana juu, na limekatwa, kwa hiyo kila saa bila maji inahesabika.

Pima upana wa maua pale yanapotanuka zaidi, ongeza sentimita 4 kila upande. Shada la upana wa 25 linataka ukuta wa 33. Usipunguze. Petali la waridi likisuguana na kadibodi kwa saa moja ya barabara ya vumbi hupata ukingo mweusi usiofutika.

Kata chupa ya maji kwa kimo cha sentimita 15, iwe kikombe. Hiyo ndiyo itakayokaa kwenye kola, kwa hiyo izungushie uzi na uipime kama ulivyopima chungu. Kwa shada unahitaji pia kola ya pili, juu, pale lilipofungwa riboni. Hii ni kibao tupu kisicho na miguu, kinachokalia vipande vinne vya kadibodi ulivyogandisha kwenye pembe za ukuta kwa kimo hicho. Tundu lake liwe pana kuliko fundo kwa sentimita moja, na likatwe mlango kutoka ukingo wa kibao mpaka kwenye tundu. Vikonyo vya shada lililofungwa vizuri hutanuka chini ya fundo, havipiti tunduni kutoka juu. Vinaingia kwa ubavuni. Zungushia fundo kitambaa laini mpaka lijae tunduni.

Kabla ya kupakia, kata sentimita 2 hadi 3 za ncha za vikonyo, kwa mshazari na kwa kisu kikali. Mkasi butu huponda mirija inayopandisha maji. Toa majani yote yatakayofika kwenye maji, maana yakioza yanajaza maji bakteria. Viringisha ncha kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, tumbukiza kwenye kikombe chenye maji ya vidole viwili tu. Ukijaza kikombe, maji yatarukia kwenye kadibodi kabla hujatoka kituoni.

Juu pawe wazi, kisha utande kanga au chandarua, kishikwe na vibanio kwenye ukingo wa ukuta. Hewa inapita, upepo mkali haupiti.

Mashada ya msiba yale ya duara hayaingii humu. Yalaze kwenye boksi pana na fupi, yamefungwa kwenye kitako kwa uzi sehemu tatu.

Na kwa wenzangu wa pwani wanaouliza kuhusu vikuba, yaani vifungu vidogo vya maua ya kunukia, na asumini: msihangaike na kola. Asumini ni ua la usiku mmoja, adui yake ni joto na kukauka. Jani la mgomba bichi lililopitishwa motoni kidogo likalainika na kupoa, asumini na mrehani ndani, matone machache ya maji, kisha kifungu hicho kiwekwe kwenye boksi dogo lenye matundu. Bibi zetu walikuwa sahihi, na hakuna kadibodi inayolishinda jani hilo.

## Njiani

Kwenye basi, weka sakafuni kati ya miguu yako. Buti ni moto, ni giza, na masanduku ya watu yanahama. Mara nyingi buti lina maembe na ndizi pia, na matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha maua kunyauka na kudondosha petali. Mikarafuu ya bustani na okidi huumia zaidi. Hata nyumbani, usiweke shada karibu na bakuli la matunda.

Kwenye bodaboda, kibebeo kikae kwenye keria ya nyuma, kimefungwa kwa mipira ya tyubu kwenye sinia, si kwenye ukuta. Upande wa ukuta usio na matundu uelekee mbele. Mwombe dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Ukimweleza kuna maua ya harusi, wengi wanaelewa. Kwenye gari dogo, weka nyuma ya kiti cha mbele, uvute kiti kibane kidogo. Ukisimama kula, usiache maua garini juani hata kama vioo umevishusha.

Wanaovuka mpaka Namanga au Holili wakiwa na mmea wenye udongo wajue kuna ukaguzi wa afya ya mimea. Mamlaka inayohusika upande wa Kenya ni KEPHIS, upande wa Tanzania ni TPHPA. Uliza masharti yao kabla hujanunua.

## Mambo yakienda kombo

Sinia limelegea chini. Maji yamepita. Toa chungu, kausha, weka kipande kipya cha kadibodi juu ya kile cha zamani, usugue mshumaa. Ukiona vimfereji vimefunguka na karatasi zinaachana, tengeneza sinia jipya. Ukuta na kola unaweza kuvitumia tena.

Chungu kinazunguka ndani ya kola. Vijilimi vimechoka, au tundu ni kubwa. Funga mpira mnene au kipande cha tyubu kwenye chungu mahali kola inapokishika. Tatizo linaisha hapohapo.

Kibebeo kinayumba kikibebwa. Kamba hazijapita katikati ya pande. Fungua, pima upya. Kama mmea wenyewe umeegemea upande mmoja, sogeza fundo la juu kuelekea upande huo mpaka sinia likae sawa.

Ukuta unajikunja. Vimfereji vimelala. Gandisha vipande vyembamba vya kadibodi vya sentimita 4 wima kwenye pembe nne, kwa ndani.

Majani yamefika yamenywea, ingawa udongo una unyevu. Ni joto na upepo, si kiu. Weka mmea kivulini, usiongeze maji, usubiri hadi kesho yake. Kumwagilia mmea uliochoka wenye udongo uliolowa ndiko kunakoozesha mizizi.

Waridi limeinama shingo. Mara nyingi hewa imeingia kwenye kikonyo na maji hayapandi. Kata sentimita 3 ncha ikiwa ndani ya maji, viringisha shada zima kwa gazeti likiwa limenyooka, lisimamishe kwenye maji yenye kina mahali pa baridi kwa saa moja au mbili. Waridi lililokatwa likiwa bado changa sana linaweza lisiinuke. Ua la namna hiyo litoe, usilisimamishe kwa waya, mengine yapate nafasi.

Petali zina madoa ya kahawia. Zimelowa au zimesuguliwa. Petali mbili tatu za nje za waridi unaweza kuzitoa kwa kuzivuta taratibu kutoka kwenye kitako cha ua, na ua likabaki zima. Safari ijayo ongeza nafasi pembeni, na usinyunyizie maji juu ya maua kabla ya kuondoka.

Mlango unafunguka njiani. Uzi ni mfupi au matundu yamechanika. Gandisha kipande kidogo cha kitambaa juu ya kila tundu, ukitoboe gundi ikikauka, kisha pitisha uzi upya.